Shajara ya Chanjo ya Bobi

Jumamosi

Afisa mifugo wa kata amefika saa nne badala ya saa mbili, kwa sababu pikipiki yake ilipata pancha njiani. Ametuomba radhi. Bobi tulimfunga kwenye mwembe tangu alfajiri, na kufikia saa nne alikuwa ameitafuna kamba ikabaki nyuzi mbili. Kwenye kituo cha chanjo pale shuleni hatukumpeleka, maana akiona baiskeli huifukuza. Ndiyo maana leo chanjo imemfuata nyumbani.

Bobi ana miezi saba. Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza kutolewa mbwa anapofikisha miezi mitatu, na kwa kawaida hurudiwa kila mwaka. Alikuwa hajachanjwa hata mara moja.

Tulimshika watatu. Mimi nilimkumbatia shingoni, mtoto wa dada yangu akamshika mkanda, mama akasimama nyuma yake asirudi kinyumenyume. Afisa alifungua kasha la barafu, akatoa kichupa cha dozi moja, akavuta mililita moja kwa bomba jipya. Akainua kunjo la ngozi juu ya mabega ya Bobi na kuchoma. Papo hapo Bobi akajirusha. Sindano ikapenya kunjo lote, ikatokea upande wa pili, ikaingia kwenye kidole gumba changu cha kushoto. Dawa nyingine ilimwagikia kwenye manyoya, nyingine kwenye kanga yangu, na kiasi fulani kikaingia kidoleni. Bobi alichomoka, akaenda kulala chini ya mkokoteni wa jirani.

Afisa alisema, “Dada, pole sana. Nenda kwenye maji na sabuni sasa hivi, na usikikamue wala kukinyonya.” Niliosha kwenye bomba la uani kwa sabuni ya mche. Mama alishika saa mpaka dakika 15 zikatimia. Katikati maji ya bomba yalikatika, tukamalizia kwa ndoo.

Afisa aliandika jina la chanjo kwenye kipande cha karatasi, akaniambia nikakionyeshe kwa daktari. Kadi ya Bobi hakuiandika. Alisema hawezi kuthibitisha kwamba mbwa amechanjwa wakati hajui amepata kiasi gani. Nilimheshimu kwa hilo.

Karatasi niliifunga kwenye pindo la kanga. Mama, kwa kuwa kanga ilikuwa na dawa, aliiloweka yote kwenye maji ya sabuni. Nilipokumbuka, wino ulikuwa umeshatoka.

Jumamosi, usiku

Zahanati walinisafisha tena kidonda, wakaniandikia rufaa ya kwenda hospitali kesho asubuhi.

Majirani wamekuja kunipa pole. Bibi wa nyumba ya pili alitaka kujua kama sasa nitapata kichaa cha mbwa kwa kuchomwa dawa yake. Alikuwa na hofu ya kweli, maana kijijini kwao aliwahi kumwona mtu akifa kwa ugonjwa huo akiwa anaogopa maji. Nikanywa vikombe viwili mbele yake ili atulie. Mume wa jirani yeye alisema kinyume chake: kwamba nimeshachanjwa bure, na sasa hata mbwa akiniuma sina haja ya hospitali. Mama aliwasikiliza wote wawili, akasema tutamwuliza daktari.

Kidole kimevimba kidogo. Mashati ya shule niliyoahidi kumaliza Jumatatu yamebaki bila vifungo, kwa sababu kitambaa nakishika kwa kidole hicho hicho.

Jumapili

Tumeondoka asubuhi mimi, mama na mtoto. Mtoto hatukutaka kumchukua, ila alisema kichupa anacho yeye. Jana alikiokota pale kwenye mwembe, akakitia kwenye kopo lake la vizibo vya soda. Mama alikwishapekua shimo la taka lote kukitafuta. Mtoto alikubali kukitoa kwa sharti kwamba atakwenda nacho mwenyewe.

Daktari wa zamu alikipokea akasoma lebo pande zote. Alisema chanjo hii imetengenezwa kwa virusi vya kichaa cha mbwa vilivyouawa. Kirusi kilichouawa hakizaliani, hivyo dawa iliyomo kwenye kichupa hiki haiwezi kumtia mtu kichaa cha mbwa. Kinachoweza kutokea kidoleni ni uvimbe na maumivu kwa siku kadhaa, kwa sababu chanjo za namna hii huchanganywa na chumvi ya alumini ili mwili uzitambue zaidi. Akafikiria pia uchafu, maana sindano ilipita kwanza kwenye ngozi ya mbwa, akaagiza nichomwe sindano ya pepopunda. Alisema kidole kikiwa chekundu, kikiuma zaidi au kikitoa usaha nirudi bila kungoja.

Mama alimwuliza swali la mume wa jirani. Daktari alijibu kwamba mtu aliyechomwa chanjo ya mbwa kwa bahati mbaya hahesabiwi kuwa amekingwa. Haikutengenezwa wala kupimwa kwa ajili ya watu, na kiasi kilichoingia hakuna anayekijua. Mbwa akiniuma kesho, naanza matibabu kama mtu ambaye hajachanjwa.

Kisha akauliza, “Na meno? Meno ya mbwa yalimgusa nani?”

Sisi wakubwa tulitazamana. Kutwa nzima ya jana tulikuwa tunazungumza sindano. Mtoto alikuwa ameunyoosha mkono mezani kukilinda kichupa chake, na daktari akaona mstari mwembamba kwenye ngozi, chini kidogo ya kiwiko. Mtoto akasema ni jino la Bobi, pale alipochomoka. Hakulia, damu haikutoka, na kila mtu alikuwa anakitazama kidole cha Mama Mdogo, kwa hiyo hakusema.

Daktari hakumgombeza. Aliinuka, akampeleka kwenye sinki, akamwosha mkono kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nyingine, ingawa siku ilikuwa imepita. Akatueleza kwamba mchubuko wa jino usiotoa damu, kutoka kwa mbwa asiyechanjwa, katika nchi ambayo ugonjwa huu upo, unahitaji chanjo mara moja. Ingekuwa damu imetoka, ingehitajika pia dawa ya kinga ya moja kwa moja, inayochomwa kwenye kidonda chenyewe. Ugonjwa huu dalili zikishaanza kwa mtu, karibu kila mara huishia kwenye kifo. Kabla ya dalili kuanza, kinga hufanya kazi vizuri sana. Nafasi hiyo kwa kawaida ni ya wiki kadhaa au miezi, ila hakuna anayejua ya kwake ina urefu gani.

Alisema Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka duniani, karibu vyote kutokana na mbwa, na kati ya kila watu 10 wanaokufa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Watoto hucheza na mbwa, na mchubuko mdogo hawausemi. Nilimtazama wa kwetu.

Mtoto aliogopa sindano. Daktari akamsimulia habari za Joseph Meister, mvulana wa miaka tisa kutoka Alsace, ambaye Julai 1885 alipelekwa kwa Louis Pasteur mjini Paris akiwa ameumwa na mbwa vibaya. Alichomwa sindano 13, akaishi. Mtoto akauliza yeye atachomwa ngapi. Akaambiwa mbili leo, moja kila mkono, ndogo za kwenye ngozi tu, kisha Jumatano, kisha Jumapili ijayo. Akahesabu, akaona ni sita, akavua shati.

Kichupa amerudishiwa baada ya muuguzi kunakili jina, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Nyumbani mama amekifunga ndani ya mfuko na kukiweka juu ya kabati mpaka afisa mifugo aje kukichukua. Mtoto amepewa vizibo vitano kama fidia.

Jumatatu

Bobi yuko chini ya uangalizi wa siku 10. Daktari alieleza sababu: mbwa ambaye siku ya kuuma alikuwa na virusi kwenye mate, kabla ya siku 10 kwisha huwa ameonyesha dalili au amekufa. Akibaki mzima, siku ile hakuwa na cha kuambukiza. Chanjo ya mtoto haikungoja jibu hilo, imeanza, na hayo ndiyo maagizo. Bobi mwenyewe hatachanjwa wala kuuawa mpaka muda uishe. Jirani mmoja alikuwa tayari amekuja na rungu, akidhani anatusaidia. Mama alimpa chai, akamweleza kwamba mbwa aliyeuawa na kuzikwa hawezi kutupa jibu.

Tumembadilishia kamba kwa mnyororo. Mnyororo ni mfupi, haufiki kwenye kivuli baada ya saa saba, hivyo mchana tunasogeza kivuli kwa turubai.

Nimempigia simu binamu yangu anayesomea udaktari wa mifugo pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Swali lake la kwanza lilikuwa kama kichupa kipo. Alisema hilo ndilo swali analofundishwa kuuliza, kwa sababu chanjo za mifugo hazifanani, na mkono uliochomwa hauwezi kusema umechomwa nini.

Akanipa mifano, nikaiandika. Chanjo ya mbwa ya magonjwa mchanganyiko, kama distempa na parvo, ina virusi hai vilivyodhoofishwa, lakini hivyo havishiki kwa binadamu. Chanjo za kuzuia kutupa mimba, Rev.1 ya mbuzi na kondoo na S19 ya ng’ombe, zina bakteria hai wanaoweza kumwambukiza binadamu: aliyechomwa au kurushiwa jichoni huhitaji kuonwa na daktari na kupewa antibiotiki mapema, na daktari lazima ajue ni aina ipi, kwa sababu ile iitwayo RB51 haisikii rifampisini, dawa ambayo kwa kawaida hutumika. Kisha kuna zile alizozitaja kwa sauti nzito, chanjo za mafuta, zinazotumika sana kwenye mabanda ya kuku wa mayai na nguruwe. Tone dogo likiingia kidoleni, tundu huonekana si kitu, lakini mafuta hubana mishipa ya damu ndani, na mtu anaweza kupoteza kidole. Huyo hapelekwi kesho. Anapelekwa saa hiyo hiyo, na huenda akahitaji kupasuliwa na kuoshwa kidonda kwa ndani. Onyo limeandikwa kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi, ile ambayo wengi huitupa kabla ya kuifungua.

Jirani wa mtaa wa chini ana kuku wa mayai na kijana anayewachanja. Nimekwenda kumwambia. Alikuwa anajua kuhusu kuku, kuhusu kidole alikuwa hajui. Amesema boksi hatatupa tena.

Jumanne

Leo ilikuwa zamu ya kuku wetu kupata chanjo ya mdondo, ile inayostahimili joto, inayodondoshwa jichoni, tone moja kwa jicho moja, kila baada ya miezi mitatu au minne. Mchanjaji wa mtaa ni mama mtu mzima mwenye mkono mtulivu. Jogoo alipopiga bawa, tone likamrukia mama yangu kwenye jicho la kulia.

Hakuna aliyepiga kelele. Mchanjaji alisema, “Mama, inama,” akamwosha jicho kwa maji safi ya kunywa, birika zima. Kisha akamwonyesha jina kwenye kichupa.

Hii ni chanjo ya virusi hai. Virusi vya mdondo vikiingia kwenye jicho la binadamu vinaweza kulifanya liwe jekundu na kutoa machozi, hali ambayo kwa kawaida hupita yenyewe baada ya siku chache. Binamu ameniambia jambo hili liliandikwa na Macfarlane Burnet wa Australia mwaka 1943, baada ya jicho la mtu wa maabara kuambukizwa. Mama ameambiwa asilisugue jicho, anawe mikono, asichangie taulo, na aende hospitali likizidi kuuma au kuona kukififia.

Jogoo hakupata tone lake. Amerudiwa.

Jumatano

Sindano ya pili ya mtoto. Mvua imetunyeshea kituoni na kadi yake ya chanjo imelowa. Tarehe ya Jumapili imefutika, ya leo imebaki. Muuguzi ameandika upya kwa kalamu ya risasi, akasema hiyo haichuruziki.

Jicho la mama ni jekundu. Kidole changu kina kinundu kigumu kidogo, hakiumi sana. Nimeshona vifungo vya mashati manne kwa mkono wa kulia peke yake, huku kitambaa nimekibana kwa goti.

Ijumaa

Bobi amekataa chakula asubuhi.

Mama alikaa chini. Mimi nilijua dalili kwa sababu daktari alizitaja: mbwa kubadilika tabia, kuwa mkali ghafla au mpole kupita kawaida, kutokwa na mate, kushindwa kumeza, taya kulegea. Na alitukanya jambo moja ambalo naliandika hapa ili lisisahaulike. Mbwa akionekana kama amekwamwa na mfupa kooni, mtu asimtie mkono mdomoni. Mtu anaweza kuambukizwa hivyo, kwa huruma.

Tulisimama mbali na kumwita. Aliinua kichwa. Tulimsogezea maji kwa ufagio, akanywa yote. Saa tano alitapika, na kwenye matapishi kulikuwa na vichwa vya dagaa, vingi, pamoja na kipande cha mfuko. Bibi wa nyumba ya pili akaja kuulizia dagaa wake waliokuwa kwenye ungo karibu na uzio. Nimemlipa. Saa kumi Bobi alikula ugali wote.

Afisa mifugo amepita jioni bila kuitwa kuja kumtazama. Alisema hupita kila baada ya siku mbili kwa kila mbwa aliye chini ya uangalizi.

Jumapili

Sindano ya mwisho ya mtoto. Ameuliza kama Joseph Meister naye alikuwa na mbwa. Muuguzi alisema hajui, akamsifu kwa kutolia.

Jicho la mama limekuwa jeupe. Mashati yamekamilika na mwenye mashati amekuja kuyachukua. Moja lina doa dogo la damu ndani ya ukosi. Nililiosha kwa maji baridi na chumvi, likabaki rangi ya chai, nikamwonyesha mwenyewe kabla hajalipa. Amelipa yote.

Jumatano

Siku 10 zilitimia jana na Bobi ni mzima. Leo afisa amekuja kumchanja upya, saa mbili kamili.

Safari hii alianza kwa kutupanga. Bobi alifungwa mdomo kwa utepe wa kitambaa, ukazungushwa na kufungwa nyuma ya masikio. Mtoto alikaa barazani, mbali. Mimi nilimbana Bobi kifua na kiuno ubavuni kwangu, na mkono wangu ukawa upande ule ule sindano inakoingilia, nyuma ya sindano, si mbele ya ncha. Ndoo ya maji na sabuni iliwekwa tayari kabla kasha la barafu halijafunguliwa. Kisha mama akamwomba afisa asome lebo kwa sauti. Akasoma: jina, virusi vilivyouawa, dozi, tarehe. Majirani waliokuja na mbwa wao walikuwa kwenye foleni nyuma yake, wakasikiliza. Kijana wa kuku wa mayai alikuwemo.

Mililita moja imeingia yote kwa Bobi. Kadi imeandikwa. Afisa amechukua vichupa vyote viwili.

Binamu aliniambia kuhusu Pemba. Kule kampeni za kuchanja mbwa ziliuondoa ugonjwa huu, ukarudi mwaka 2016 baada ya kuingizwa tena kisiwani, watu wakaanza upya kuchanja, na kufikia mwisho wa 2018 ulikuwa umekomeshwa. Kinachotakiwa ni mbwa 7 kati ya kila 10 wawe wamechanjwa, mwaka hadi mwaka. Katika mtaa wetu wengi hawafiki shuleni siku ya kampeni, kwa sababu kama Bobi hawashikiki. Chanjo itaendelea kuwafuata majumbani, na majumbani wanaowashika ni sisi: akina mama, mafundi, watoto. Mkono utachomwa tena siku moja, kwa mtu mwingine. Basi anayeshika mbwa na ajue jina la kilichomo kwenye bomba kabla halijafika kwenye ngozi, akitunze kichupa mpaka daktari akione, na awaulize watoto wote, mmoja mmoja, kama jino limewagusa.